Birika, Pipa na Tangi: Watu wa Pwani Walivyosafisha na Kuziba Vyombo vya Maji

 

Kila kiangazi kinapokaza, maswali yanayonifikia ofisini na kwa simu hufanana. "Afisa, tangi langu linavuja, nizibe na nini?" "Maji yananuka, niweke dawa gani?" Mwenye mashua anauliza kuhusu pipa la maji la safarini, mwenye mgahawa anauliza kuhusu tangi la saruji lililo nyuma ya jiko. Nitayajibu yote mawili, ila leo nataka tupite njia ndefu kidogo, tuanzie zamani. Kazi hii ya kuosha na kuziba vyombo vya maji haikuletwa na mradi wala na duka la vifaa vya ujenzi. Imefanywa kwenye pwani hii kwa mamia ya miaka, na alama zake unazipita ukienda shamba.

Nenda magofuni Tongoni, ule msikiti na makaburi yenye nguzo ambayo wataalamu huyahesabu kuwa ya karne ya 14 na ya 15. Usiangalie nguzo peke yake. Angalia lipu. Ile si saruji, kwa sababu saruji ya kiwandani tunayoijua ilipata hati yake Uingereza mwaka 1824 tu, kwa fundi aitwaye Joseph Aspdin. Lipu ya magofuni ni chokaa ya matumbawe. Mafundi walipanga magogo kwa duara, wakapakia mawe ya matumbawe juu, wakawasha moto. Tanuu likishapoa, mawe yanakuwa yamegeuka chokaa kali. Chokaa hiyo ilimwagiwa maji au kuachwa inyeshewe, ikakaa muda mrefu mpaka ukali wake upungue, ndipo ikachanganywa na mchanga. Haikauki kwa kupoteza maji tu kama tope. Inavuta hewa ya ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe, na ndiyo maana fundi wa zamani hakuwa na haraka. Alipaka tabaka jembamba, akasubiri, akapaka jingine, akasugua mpaka uso ukawa laini.

Ulaini huo una kazi yake kwa chombo cha maji. Uso wenye vitundu hushika ute, na ute ndio makao ya vijidudu. Uso laini unaoshwa kwa kitambaa na maji mawili matatu, basi.

Kabla hujaniuliza: hapana, usiende kuchoma matumbawe uzibe tangi. Bahari yetu kuanzia mdomo wa Mto Pangani kuelekea Tanga iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, na matumbawe hai ndiyo mazalia ya samaki unaowauza. Saruji inatengenezwa Pongwe hapo, karibu kuliko kwingi nchini. Tunachochukua kwa wazee ni namna ya kufanya kazi, matumbawe tuyaache baharini.

BIRIKA LILILOJENGWA ILI LISAFISHWE

Msafiri Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331, na alipofika Mombasa jambo moja lililomvutia ni maji. Anaeleza kuwa mlangoni pa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, vifupi, kina cha dhiraa moja au mbili, na watu walichota kwa chombo cha mbao kilichotiwa kijiti kirefu cha dhiraa moja. Anayeingia msikitini alinawa miguu kwanza, kisha akaifuta kwenye mkeka mnene mlangoni.

Tafakari kile kijiti. Kazi yake ni kuuweka mkono mbali na maji. Leo, karibu miaka 700 baadaye, nikiingia nyumba kumi nakuta nyingi wanachota kwa kikombe kisicho na mpini, vidole vyote majini. Kata ya kifuu yenye mpini mrefu, aliyoitumia bibi yako, ilikuwa salama kuliko kikombe hicho cha plastiki.

Misikiti na nyumba za mawe za pwani zilikuwa na birika, yaani hodhi iliyojengwa na kupigwa chokaa ndani. Katika nyumba za kale za Lamu kuna jambo ambalo mimi hulisimulia kila nipatapo nafasi. Ndani ya birika walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Na katika sakafu ya birika walizamisha bakuli la kaure lililotoka Uchina, likajengewa humo humo. Siku ya kuosha birika, maji yote yakitolewa, bakuli lilibaki limejaa, na samaki wakakimbilia humo kusubiri kazi iishe.

Maana yake ni kwamba fundi, siku anajenga, alishajua birika hili litasafishwa tena na tena, akaliandalia. Linganisha na matangi yetu ya saruji. Mengi hayana tundu la kutolea maji chini, sakafu haina mteremko, na mlango wa juu ni mdogo kiasi kwamba mtu mzima hapiti mabega. Tangi la namna hiyo limejengwa lisisafishwe. Kama unajenga mwaka huu, mwambie fundi sakafu iteremke upande mmoja, na hapo chini aweke bomba lenye koki ya kutolea uchafu. Gharama yake ni ndogo. Ukisahau, utalipa kwa kuchota tope kwa kopo kila mwaka. Na viluwiluwi si hadithi ya zamani: mwaka 2019 homa ya dengu ilisumbua Dar es Salaam na Tanga, na mbu wake hupenda sana maji yaliyotulia ya matangi na mapipa karibu na nyumba.

MAJI YA SAFARINI

Sasa tuingie baharini. Mwezi Aprili 1498 meli tatu za Vasco da Gama zilikuwa zinapanda kaskazini. Nyuma yao, Msumbiji, walikuwa wamekwisha kupigania maji ya kunywa, mpaka wakatumia mizinga ili wajaze mapipa yao. Moja ya meli hizo, São Rafael, ilipanda juu ya miamba karibu na Mtangata, ghuba yetu hii. Maji yalipojaa ikaelea tena, na watu waliokuja na vyombo viwili wakawaletea machungwa ambayo Wareno waliyasifu kuwa mazuri kuliko ya kwao. Januari 1499, wakirudi, meli hiyo hiyo waliichoma moto hapa hapa, kwa sababu mabaharia wengi walikuwa wamekufa na waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Walikaa siku 15, na watu wa hapa wakawauzia kuku kwa kubadilishana na mashati na bangili. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Tongoni amemuuzia kuku mgeni wa baharini muda mrefu sana!

Vifo vile vilisababishwa zaidi na kukosa matunda na mboga. Lakini maji ya mapipa ya mbao yalikuwa tatizo jingine lililowasumbua mabaharia wa Ulaya kwa karne nyingi. Pipa jipya hutoa rangi na ladha ya mbao. Pipa la zamani hushika ute ndani ya mianya. Wiki chache tu, maji yananuka.

Vyombo vya huku vilikuwa na njia zake. Safari fupi, mitungi na mabalasi ya udongo. Mtungi ni chombo kizuri kwa sababu unatoa jasho na kupooza maji, ubaya wake ni kupasuka chombo kikiyumba. Majahazi makubwa ya Ghuba, yaliyoshuka kila mwaka na kaskazi kuleta tende na chumvi na kurudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko, yalibeba matangi ya mbao, ambayo wao waliyaita fintasi. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na jahazi la Kuwait msimu wa 1938 na 1939 kutoka Uarabuni hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, akaandika kitabu kuhusu maisha ya chomboni. Kuwait kwenyewe maji matamu yalikuwa haba, mpaka majahazi yenye matangi yalikwenda kuyachukua Shatt al-Arab na kuyauza mjini. Biashara hiyo ilikufa baada ya mtambo mkubwa wa kusafisha maji ya bahari kuanza kazi mwaka 1953.

Tangi la mbao lilizibwa vipi? Wewe mwenye mashua jibu unalo. Ukiiacha mashua juani wiki mbili bila kuimwagia maji, mbao zinasinyaa na mianya inafunguka. Ukiirudisha majini inavuja siku ya kwanza, halafu mbao zinavimba na kujifunga zenyewe. Tangi la mbao ni mashua iliyogeuzwa: maji yako ndani badala ya nje. Kwa hiyo halikuachwa tupu na kavu. Pale mwanya ulipozidi, fundi alipiga kalafati, pamba iliyosokotwa na kugongwa kati ya mbao mbili kwa patasi butu.

Hapa kuna tofauti ambayo wengi huipuuza. Nje ya chombo tunapaka deheni, chokaa na shahamu. Mbao tunazipaka sifa, mafuta ya ini la papa. Ndani ya chombo cha maji ya kunywa huwezi kuleta vitu hivyo. Sifa inanuka, shahamu inaoza, na zote mbili ni chakula cha vijidudu. Kanuni hiyo haijabadilika hata kidogo. Lami, gundi ya kuzibia mashua, rangi ya boti iliyobaki kwenye kopo: vyote hivyo vizuri nje, vibaya ndani ya tangi la kunywea. Rangi za zamani za vyombo zilikuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto bila kuonyesha dalili ya haraka.

Ulaya waliachana na mapipa polepole. Mwaka 1808 Waingereza wawili, Richard Trevithick na Robert Dickinson, walipata hati ya matangi ya chuma ya melini. Chuma hakioshi ladha ya mbao majini, na tangi la mraba halipotezi nafasi kama pipa la duara. Tatizo likawa kutu. Dawa waliyoizoea ni rahisi mno: kupaka ndani uji wa saruji. Saruji ina ukali wa chokaa, na chuma kilichofunikwa na ukali huo hakishiki kutu upesi. Mwenye pipa la chuma hapa kwetu anaweza kufanya hivyo hivyo leo, mradi pipa halikuwahi kubeba dawa za shamba wala mafuta ya mitambo. Pipa lililobeba dawa za shamba halioshwi likawa la maji ya kunywa. Hata ukilisugua mwezi mzima.

KIPINDUPINDU KILIPOPITA PANGANI

Mpaka hapa nimesema harufu na ladha. Kuna jambo kubwa zaidi. Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka kutoka bara kupitia njia za misafara, kikafika pwani Pangani, jirani zetu wa kusini, kikavuka hadi Zanzibar. Daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar wakati huo, alifuatilia njia ya ugonjwa kituo kwa kituo na kuchapisha kitabu mwaka 1876. Kutoka Zanzibar uliendelea kusambaa na majahazi kuelekea Kilwa, Ngazija na mbele zaidi. Watu walikufa kwa maelfu.

Wakati huo wengi duniani waliamini kipindupindu ni hewa mbaya. John Snow wa London alikwisha kuonyesha mwaka 1854 kwamba kinafuata maji, lakini kijidudu chenyewe kilitambuliwa na Robert Koch miaka ya 1883 na 1884. Zanzibar, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliingiza mjini kwa mabomba maji ya chemchemi kutoka nje ya mji. Nadhani katika yote aliyojenga, hilo liliokoa watu wengi kuliko majumba yake.

Usiseme hayo ni ya kale. Mlipuko ulioanza Agosti 2015 ulienea mikoa mingi ya nchi hii. Chombo kinachobeba abiria na pipa moja la maji, kikombe kimoja, watu wote wanachota: hiyo ni njia ile ile ya 1869.

SASA TANGI LAKO

Baada ya jahazi likaja debe. Lilikuja na mafuta ya taa, likabaki kuwa kipimo cha maji na mahindi hata watu wakasahau mafuta yenyewe. Kisha dumu la plastiki, kisha tangi jeusi la plastiki unaloliona juu ya kila nyumba mpya. Plastiki haishiki kutu wala haihitaji kalafati, ndiyo maana watu hudhani haihitaji kuoshwa. Inahitaji. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Pipa la mashua lioshwe mara nyingi zaidi, kwa kuwa ni dogo na linashikwa na mikono mingi.

Toa maji yote. Sugua kuta na pembe kwa brashi ngumu na maji ya sabuni kidogo, suuza, toa tope la chini. Tope ukiliacha, dawa utakayotia itaishia kwenye tope hilo na kuta hazitapata kitu. Kisha jaza maji safi na utie klorini. Ukitumia dawa ya kung'arishia nguo isiyo na manukato, ambayo chupa yake imeandikwa asilimia 3.5, tia lita 1 na nusu kwa kila lita 1,000 za maji. Kwa pipa la mashua la lita 200 ni mililita 300, na kwa dumu la lita 20 ni mililita 30. Fungua koki ili maji yenye dawa yapite kwenye bomba, funga, acha kwa saa 24. Maji hayo hayanywewi. Yamwage mbali na bwawa la samaki na kitalu cha miche, maana yanaua vyote. Suuza mpaka harufu iishe. Na dawa hii usiichanganye na ndimu, siki wala dawa ya choo, inatoa hewa yenye sumu.

Ukiingia ndani ya tangi, usiingie peke yako. Tangi la chuma lililofungwa muda mrefu kutu yake hula hewa safi, na rangi mbichi hutoa hewa ya kulevya. Fungua mlango mapema, pepea, na mtu abaki juu akikuona muda wote. Mtu akianguka ndani, wa juu asiruke kumfuata. Apige kelele kuita watu, atumie kamba.

Ufa wa tangi la saruji hauzibwi kwa kupaka juu. Ufungue kwa tindo mpaka uwe mpana wa kidole, ndani upana zaidi kuliko mdomoni ili kiraka kisichomoke. Ondoa vumbi lote, lowanisha, jaza mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga safi 3. Mchanga usiwe wa baharini, chumvi yake inakula nondo. Kikishika, piga niru eneo lote, sugua iwe laini kama lipu ya magofuni. Kisha umwagilie au funika kwa magunia mabichi siku 7. Watu wengi huharibu kazi nzuri hapa kwa kuiacha ikauke juani siku ya kwanza. Ufa ukirudi pale pale mwaka unaofuata, tatizo ni msingi, niru haitakusaidia, mwite fundi aangalie chini.

Tangi la plastiki lililopasuka saruji haishiki. Linaunganishwa kwa moto na plastiki ya aina ile ile na fundi mwenye kifaa chake. Tangi la faibaglasi la boti linazibwa kwa dawa inayoruhusiwa kwa maji ya kunywa, iachwe ikauke kabisa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, na ujazo wa kwanza umwagwe.

Tangi la saruji lililozibwa upya nalo, jaza, acha siku moja, mwaga, ndipo utie klorini kama nilivyoeleza. Kama unavuna mvua, mvua ya kwanza ya masika iache ipite pembeni ioshe bati, na mdomo wa tangi uufunge kwa wavu wa matundu madogo. Mwenye swali anikute ofisi ya kata asubuhi, kabla sijatoka kwenda vijijini.